Mama wa Sufuria

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, naye alitumiwa na mtu wa kwaya yao, na huyo wa kwaya hamkumbuki aliyemtumia. Isome hadi mwisho, usiruke. Inatuhusu sisi wenye flash zilizojaa muvi, na tusidanganyane, tuko wengi.

Pale Nzega palikuwa na mtu anaitwa Nkwabi. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu. Si kwa kuandika, la. Anachukua filamu ya nje, anapunguza sauti yake, anashika maiki na kuwasemea waigizaji kwa Kiswahili, wanaume kwa wanawake, hadi mbwa. Halafu anaionyesha kwenye banda lake la video karibu na stendi, na wanaotaka nakala anawawekea kwenye flash.

Jamani, Nkwabi alikuwa fundi! Bibi asiyejua kusoma hata jina lake alitoka bandani akikusimulia filamu ya Kikorea utadhani ni habari ya jirani yake. Sikukuu zote watu waliingia bure. Ni mtu wa roho nzuri, hilo Nzega nzima hakuna anayelikana.

Ila alikuwa na siri moja. Hizo lugha alikuwa hazijui. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, na lugha nyingine zote alitazama tu midomo na mikono, kisha akatunga.

Siku moja mkewe alimuuliza, "Hivi wenye hizi filamu umewaomba?"

"Niwaombee wapi? Ni matajiri hao, wako huko kwao, hata Nzega hawajui iko wapi. Umeona aliyekuja kudai?"

Mkewe akaendelea na kazi zake. Kweli, hakuna aliyewahi kuja.

Sasa, katika filamu zake zote, iliyopendwa kuliko zote ilikuwa moja fupi ya Kirundi aliyoitoa mtandaoni. Haina bastola, haina magari. Kuna mama anafika kwenye nyumba, anakuta mlango umefungwa. Anagonga. Anaita. Anaupiga mlango kwa viganja viwili, anapiga kelele, mwisho anakaa chini kwenye vumbi analia. Nkwabi aliitazama, akakuna kichwa, akasema, ah, huu ni ugomvi wa vyombo.

Basi akamsemea yule mama hivi: "Fungua! Nataka sufuria yangu! Uliiazima Pasaka, leo Krismasi! Sufuria! Sufuria yangu ya shughuli!"

Weee! Watu walicheka hadi wakaanguka kwenye mabenchi. Kila wiki wanaomba irudiwe. Ikafika mahali ukichelewa kurudisha hata jembe la mtu, mtaa mzima unakupigia kelele, "Sufuria!" Miaka miwili ikapita hivyo.

Asubuhi moja basi la kutoka Dar kwenda Burundi likaharibika pale Nzega. Abiria wakaambiwa spea imefuatwa Shinyanga, wavute subira hadi jioni. Akashuka mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa vitenge, akaenda kwa mama ntilie kunywa chai.

Mama ntilie alimtazama mara moja, akaiacha chapati inaungua. "Jamani! Huyu si yule mama wa sufuria?"

Watu wakageuka. Kicheko kikalipuka kibanda kizima.

"Mama, alikurudishia?"

"Mama, ilikuwa ya kupikia wangapi ile?"

Bodaboda wakapiga honi. Yule mama akajitazama nguo, akajipangusa uso, akadhani labda ana masizi.

"Mimi sidai sufuria," alisema. Ndiyo kwanza wakazidi.

Hawakuwa na ubaya, nisiwasingizie. Walifurahi kumwona, hata chai hawakumtoza. Lakini kuchekwa bila kujua sababu kunauma, tena ugenini. Machozi yalianza kumlengalenga. Mama ntilie alipoona hivyo akamhurumia, akamshika mkono, akampeleka kwa Nkwabi akajionee mwenyewe.

Nkwabi alipomwona mlangoni nusura aruke. "Karibu, staa wangu! Kaa hapa mbele!" Habari ikaenea, banda likajaa, wengine wakachungulia dirishani. Akaiweka filamu.

Mwanzo mgeni alitabasamu. Alikuwa anaona vilima vya kwao. Kisha ikafika pale mlangoni, na banda zima likaitikia kwa pamoja, "Sufuria! Sufuria!" Nkwabi akageuka ili acheke na mgeni wake. Mgeni alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, machozi yanamtiririka.

Nkwabi akaizima.

"Mama, vipi? Nimekukosea?"

"Mwanangu, unajua Kirundi?"

Nkwabi akatikisa kichwa.

"Hapo unaposema sufuria, mimi nasema Butoyi."

"Butoyi ndiyo nini, mama?"

"Ni mdogo wangu. Tulizaliwa pacha. Mimi Bukuru, yeye Butoyi."

Mama ntilie akasema taratibu, "Kulwa na Doto."

"Ndiyo. Alikuwa na mimba. Mumewe alisafiri, majirani kila mtu na shughuli zake. Uchungu ukamshika akiwa peke yake, mlango ameufunga kwa ndani. Nikafika nimechelewa. Nikagonga, nikamwita, hakuitika tena." Akajifuta macho kwa kitenge. "Baadaye nikaazima kamera, nikayarudia yote mbele ya mlango ule ule, ili mwenye mjamzito nyumbani asimwache peke yake. Nikaiweka mtandaoni kila mtu aione. Niliiweka muione, mwanangu. Sikuiweka muigeuze."

Nkwabi aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Miaka miwili alikuwa anawachekesha watu kwa kifo cha mtu.

"Nisamehe, mama yangu. Naifuta sasa hivi. Mimi nilidhani mwenyewe yuko mbali."

"Usifute. Ningetaka ifutwe ningekaa na msiba wangu nyumbani. Ila kwa nini hukuniuliza? Namba yangu ya simu iko pale mwisho, baada ya majina."

Lahaula! Nkwabi alikuwa amekata ule mwisho. Ndiyo ilikuwa desturi yake: filamu ikifika kwenye majina ya waliotengeneza, anakata, anaweka jina lake na namba yake yeye. Akainamisha kichwa, akamwambia ukweli huo mbele ya watu wote.

Yule mama hata angemtukana, hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake akavuta kiti.

"Lete hiyo maiki. Basi langu bado. Nitakwambia neno kwa neno."

Wakafanya kazi kwa muda wa saa mbili. Walipofika pale mlangoni sauti ya Nkwabi ilikatika mara tatu. Mama akamwambia, "Pumua. Rudia." Mara ya nne akaweza. Mwishoni wakarudisha majina yote, na namba ya simu ya mama.

Alasiri akaionyesha kwa watu wale wale. Yule mama alipoanza kugonga, zamu hii walisikia, "Butoyi, fungua. Ni mimi, pacha wako. Nimekuja. Nimekuja, Butoyi, fungua."

Hakuna aliyecheka. Mama ntilie alikuwa analia bila kujificha.

Katikati ya filamu akasimama fundi mmoja wa pikipiki, yule aliyekuwa anaitikia "sufuria" kwa sauti kuliko wote. Watu wa nyuma wakamwambia akae, anawaziba.

"Siwezi kukaa," alisema, huku akijipenyeza kuelekea mlangoni. "Mke wangu ana miezi minane. Nimemwacha peke yake tangu asubuhi."

Akatoka mbio. Na filamu hiyo alikuwa ameshaitazama zaidi ya mara ishirini.

Funzo: Kazi ya mtu ina mwenyewe, hata ukiikuta imeanikwa nje, muombe ruhusa na usifute jina lake, maana ukiiba filamu, wimbo au gemu humdhulumu aliyeitengeneza peke yake, unawanyima na watu wako kile alichotaka wakisikie.