Yowe la Kupe

Kiangazi hukausha lambo, hakikaushi kupe. Methali hii mliisikia jana mkutanoni mkacheka, leo mnaniuliza imetoka wapi. Ilianzia hapa hapa Mwashigini, wajukuu zangu, na waliohusika nawakumbuka kwa majina.

Mwaka ule mvua ilitunyima. Mwenyekiti wetu, Luhende, akafunga josho la kuogeshea ng'ombe. "Maji haba," alisema, "na jua hili limekwisha kuua kupe." Tukaamini, wajinga sisi. Kumbe maji ya josho yalikuwa yakitumika kufyatulia matofali ya nyumba yake, na dawa ya kupe imejaa stoo.

Malambo ya jirani yalipokauka, ng'ombe wa vijiji vyote wakasongamana kwenye lambo letu, wamekonda, ubavu kwa ubavu. Kupe wa kundi hili wakadondoka kwenye nyasi chache za ukingoni, wakapanda kundi lile. Ndigana, ugonjwa uletwao na kupe, ikaingia: matezi yakavimba chini ya masikio, homa, kisha mzoga.

Mjane Milembe alipoteza mtamba wake. Ng'ombe waliobaki, riziki yake yote, walikuwa wamejaa kupe masikioni. Akapiga yowe.

Kwetu yowe ni la wizi wa ng'ombe. Asiyeitikia hutozwa faini, hata awe nani. Wanaume wakaja mbio na pinde, Luhende nyuma yao akihema.

"Wezi wamekimbilia wapi, mama?" wakauliza.

"Hawajakimbia. Wameshiba mno." Akatandaza ngozi mbichi ya mtamba miguuni pa mwenyekiti. Kupe wakaanza kutembea.

"Yowe la kupe?" Luhende akafoka, akirudi nyuma. "Unatuchezea, mwanamke?"

"Mbona unarudi nyuma, baba? Si ulisema jua limewaua?"

Watu walicheka hadi pinde zikawaponyoka. Mzee mmoja akanyoosha mkono kwa Luhende. "Lete ufunguo wa stoo. Yowe limepigwa, hatuondoki mikono mitupu."

Akautoa. Watu wale wale waliokuja kukamata wezi wakajipanga kutoka lamboni mpaka joshoni, ndoo ikipita mkono kwa mkono, tukiimba. Tuliwaogesha ng'ombe wetu na wa wageni pia, maana kupe hajui mpaka wa kijiji. Ndigana ikakoma. Mvua iliporudi Milembe alikuwa bado anakamua, na Luhende hakuchaguliwa tena hata kuwa mjumbe.

Kwa hiyo akija mkubwa kuwaambia kwamba shida hii imewamaliza hata wanyonyaji, msibishane naye sana. Mwambieni: kiangazi hukausha lambo, hakikaushi kupe.