Watu Kumi na Mmoja Ukumbini

Palikuwa na mwanamuziki wa roki, wapendwa, roki ile ya kutikisa madirisha mpaka mbwa wa mtaa wanahama. Hakuwa na meneja wala kampuni. Mabango alibandika mwenyewe, spika alibeba mwenyewe. Akamwahidi mkewe: "Onyesho hili likianguka, nauza gitaa, naenda kupima misumari dukani kwa kaka yako."

Siku ikafika. Ukumbi wa viti mia tatu, wakaja watu kumi na mmoja. Hapo umemhesabu na mlinzi!

Jamaa akapanda jukwaani kavimba kama andazi. Mnadhani aliimba? Thubutu! Alishika maikrofoni akaanza kufoka: "Mji huu hauna shukrani! Hamji kwenye maonyesho! Mnataka vya bure kwenye simu!"

Mama mmoja wa mstari wa mbele akanyanyuka. "Kaka, sisi si tumekuja? Hao unaowagombeza wako kwao wanakula ugali. Hawakusikii!"

Aibu ikampanda jamaa mpaka masikioni. Akashuka, akavuta spika zikaja chini, akawaambia wasogee wamzunguke. Akapiga kama vile uwanja umefurika. Mlinzi alicheza mpaka kofia ikaruka.

Walipomaliza, yule mama akamfuata. "Nina kiwanda cha chakula cha kuku. Nataka tangazo la redio lenye kelele kama hizi."

"Mama, roki kwa kuku?"

"Kuku hawana redio, baba. Wafugaji ndio wanazo."

Mwingine akataka binti yake afundishwe gitaa kila Jumamosi. Wawili wakanunua fulana zenye jina lake, wakaulizia onyesho lijalo ili walete na wenzao. Gitaa halikuuzwa. Hivyo ndivyo alivyoanza kula kwa muziki wake, tangazo hapa, mwanafunzi pale, na ukumbi ukijaa kidogo kidogo.

Mnacheka? Haya, tujitazame. Jumapili ya mvua, kanisa nusu tupu, tunasimama hapa kumfokea nani? Waliokuja na miavuli! Mtoto mmoja kakupigia simu kukusalimu, wewe unamlalamikia habari za ndugu zake walionyamaza. Mteja kaingia dukani, unamsimulia jinsi wateja walivyoadimika, na sukari aliyoifuata hujampimia! Tunawaadhibu waliokuja kwa kosa la wasiokuja, halafu tunashangaa mbona nao wanapungua.

Ndugu zangu, Mungu hatatuuliza habari za viti vitupu. Atatuuliza: "Wale niliowaleta, mliwapa nini?"