Somo la Pimbi Kabla ya Jua

Kila nikiketi, hadithi. Nikiinuka kwenda kuchambua mchele hakuna anayeinuka nami, lakini nikiketi tu, bibi, hadithi. Na leo mmeichagua ya Pimbi, ambayo mwishoni haina kicheko. Atakayelia atajifuta kwa nguo yake mwenyewe.

Haya. Hapo zamani za kale, zile za kale kwelikweli, wanyama walipokuwa na nyumba, na wake, na vibuyu vya maziwa, wanyama wa bonde moja kavu walikuwa wakicheza gofu.

Msiniulize waliitoa wapi. Mtu anachukua fimbo, anapiga kijimpira, anakifuata, anakipiga tena, mpaka kitumbukie kwenye shimo lililochimbwa kule mbali. Anayetumia mapigo machache ndiye bingwa. Basi. Hata mimi naona ni kuhangaika bure, lakini kule bondeni haukuwa mchezo wa kupoteza muda. Kiangazi kikikaza lilibaki bwawa moja tu lenye maji, na sheria yao ilikuwa kwamba nyumba itakayoshinda gofu ndiyo itakayoshuka bwawani kwanza, ikae humo mpaka itosheke, ndipo wengine wafuate. Na miaka yote nyumba iliyoshinda ni ya Kiboko. Mnamjua Kiboko akiingia majini. Akitoka, wanaofuata wanakunywa tope.

Sasa huko aliishi Mzee Mbogo. Mabega kama mlango wa ghala. Akiupiga mpira, pwaa, unavuka kichuguu, unavuka miiba, Swala wanainua vichwa kuutafuta mawinguni. Lakini akifika karibu na shimo, pale ambapo mtoto angeusukuma mpira kwa kidole, ndipo balaa. Aligonga pale kama anayevunja nazi. Mpira ulilipita shimo, ukarudishwa, ukalipita tena. Watu wakacheka, Kiboko akashinda.

Mwaka huo Mbogo hakutaka kuchekwa. Mkewe alikuwa amezaa ndama jike, wakamwita Kidoti kwa ajili ya baka jeupe usoni. Alizaliwa mdhaifu, tumbo lake halikuweza tope. Mbogo alimtazama mtoto, akalitazama jua, akajua kwamba safari hii lazima nyumba yake itangulie bwawani.

Basi akaenda kwa Pimbi.

Pimbi mnamjua, yule wa kwenye majabali, mnene kama andazi, asiye na mkia wa kujivunia. Nguvu za kuupeleka mpira mbali hakuwa nazo, kwa hiyo ushindi hakuupata kamwe. Lakini karibu na shimo hapakuwa na wa kumfikia. Mbogo alipiga magoti mbele ya jabali, akaomba afundishwe pigo dogo. Wakapatana: kila alfajiri Mbogo atakuja na kibuyu cha maziwa kutoka kwa mkewe, na Pimbi atafundisha.

Nyumbani kwa Pimbi watoto walikuwa wengi na majani yalikuwa makavu. Mlango wa maziwa ulipofunguka, mkewe alishukuru mpaka akaimba.

Na Pimbi, tumpe haki yake, alifundisha vizuri. Alimwambia Mbogo alegeze mabega, fimbo iende na kurudi kama mkono unaombembeleza mtoto. Alimwinamisha nyuma ya mpira ili aone ardhi imeinamia wapi. Na neno moja alilirudia mpaka Mbogo akawa analisema usingizini.

"Usiinue kichwa kuutazama mpira, Mzee. Ukiinua kichwa, mkono unapinda. Inama hivyohivyo mpaka usikie umetumbukia. Sikio ndilo litakalokwambia."

Mwanzoni mipira ilikwenda kila upande. Mbogo hakuchoka. Alfajiri kwa alfajiri aliinama pale, jasho likimtoka kwenye ubaridi, mpaka siku moja akausukuma, akatulia, kichwa chini, na wakasikia wote wawili: kolo! Mpira shimoni. Akasukuma mwingine. Kolo! Na mwingine.

Mbogo akacheka kicheko kidogo kama cha mtoto. Pimbi naye akacheka, lakini humo moyoni kitu kilimchoma. Alikiangalia kile kibuyu kilichoegemezwa jabalini. Akawaza, huyu ameshajua. Akishajua, maziwa yanakwisha.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ulipo wizi wenyewe. Alfajiri nyasi zina umande. Umande unaushika mpira, unauchelewesha, kwa hiyo lazima uusukume kwa nguvu zaidi kidogo. Jua likipanda, nyasi zikikauka, mpira uleule kwa nguvu zilezile unateleza kama umepakwa mafuta. Aliyekulia kwenye nyasi na mpira analijua hilo. Mbogo hakulijua, kwani yeye maisha yake yote alipiga kwa mabavu, umande au jua vilimhusu nini? Na mchezo wa bwawa ulichezwa mpaka utosini mwa mchana.

Pimbi alipaswa kumwambia, "Sasa rudi mchana tujifunze nusu iliyobaki." Hakumwambia. Alimwambia mkono wa Mbogo bado ni mchanga, na mkono mchanga ukifanyiwa mazoezi juani unaharibika. Asiguse fimbo baada ya jua kuchomoza.

Mbogo hakuuliza kwa nini. Kwao mwanafunzi hamuulizi mwalimu kwa nini.

Mke wa Pimbi aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Mgeni alipoondoka, akasema, "Baba watoto, mbona hukumwambia habari ya nyasi kavu?"

"Nitamwambia mwakani."

"Na huyo ndama wake?"

"Watoto wa Mbogo wanazaliwa wakubwa kuliko mimi na wewe tukijumlishwa. Atashindwa kidogo tu mwaka huu, atarudi na kibuyu. Wewe unataka wanao wale mawe?"

Mke akawamiminia watoto maziwa. Na yeye mkono wake ulikuwa kwenye kibuyu kilekile.

Siku ya mchezo ikafika. Bonde zima lilikuja na vumbi lake. Mbogo na Kiboko walianza sawasawa, na pale ambapo zamani Mbogo alipotea, sasa alitulia, maana asubuhi ile umande ulikuwa bado haujakauka. Kolo! Mbogo akatangulia, watu wakaanza kunong'ona. Kiboko akaanza kutoa jasho.

Lakini jua halimngoji mtu. Likapanda, likakausha, na mipira ya Mbogo ikaanza kupita mashimo kidogokidogo. Alichokikusanya asubuhi akakirudisha mchana, mpaka walipofika shimo la mwisho, lile la ukingoni mwa bwawa, wako sawa tena. Mpira wa Mbogo ulikuwa karibu na shimo kama mlango ulivyo karibu na meko. Ukiingia, ameshinda, maana pale Kiboko alikuwa ameshatumia pigo moja zaidi. Mkewe alikuwa amesimama pale, na Kidoti amemwegemea mguuni, anayatazama maji.

Mbogo aliinama nyuma ya mpira, akaisoma ardhi. Akalegeza mabega. Akausukuma kama alivyofundishwa, kwa nguvu zilezile za alfajiri, na kichwa hakukiinua.

Pimbi aliona kila kitu kutoka juu ya jiwe. Aliuona mpira ukiligusa shimo kwenye mdomo, ukaruka, ukateremka, ukaenda zake mpaka kwenye matope. Na alimwona mwanafunzi wake amebaki ameinama vilevile, mzee mzima na mapembe yake, sikio limetegwa, anangoja sauti. Watu walianza kucheka na yeye bado anangoja.

"Inua kichwa, shemeji," alisema Kiboko. "Mpira umekutangulia kuoga."

Kisha Kiboko akausukuma wa kwake. Uliingia ovyo, lakini uliingia, na wa Mbogo ulikuwa bado matopeni.

Nyumba ya Kiboko ikashuka bwawani, wakubwa kwa wadogo, na sheria ni sheria. Walikaa siku nyingi. Walipotosheka, kilichobaki hata usingekiita maji. Kidoti alijaribu kunywa, akatapika, akajaribu tena. Asubuhi moja mama yake alimlamba aamke, asiamke.

Na nyie mnaofuga mnajua, mama aliyepoteza ndama hashushi maziwa. Umkame, umbembeleze, umwimbie, hayaji.

Pimbi alizipata habari kama wengine wote. Alijiambia ndama yule alikuwa mdhaifu tangu mwanzo. Alijiambia hivyo mara nyingi, kwa hiyo mjue hakuamini.

Alfajiri iliyofuata akasikia kwato. Mbogo alikuwa chini ya jabali, na kibuyu mkononi, na kibuyu hakikutoa mlio wa maziwa alipokiweka chini.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Mbogo. "Leo nimekuja mikono mitupu. Nyumbani hakuna maziwa. Mvua zikinyesha nitakulipa. Nimekuja kukuomba radhi, nimekutia aibu mbele ya watu. Ulinifundisha vizuri, mimi ndiye kichwa kigumu. Nionyeshe nilipokosea."

Pimbi alitamani atukanwe. Tusi lina mwisho. Lakini kuombwa radhi na uliyemuumiza, wajukuu zangu, ni kama kumeza mwiba wa samaki, haushuki wala haupandi.

Akashuka jabalini. Akamwonyesha mpira kwa kidole. Mbogo akainama kwenye umande, akausukuma. Kolo!

"Hapa unaingia," alisema Mbogo, naye amechanganyikiwa. "Kule kwa nini ulikataa?"

"Ngoja jua," alisema Pimbi.

Wakangoja. Jua likapanda, nyasi zikaacha kumetameta, zikawa kavu. Pimbi akaurudisha mpira palepale.

"Sukuma tena. Vilevile."

Mbogo akasukuma, akatega sikio, kichwa chini. Kimya. Mpira ulikuwa umeshalipita shimo na kwenda kulala miibani. Mbogo alikaa ameinama muda mrefu. Kisha akapitisha ukwato juu ya nyasi, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, akautazama ukwato wake. Ulikuwa mkavu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Pimbi akafumba macho, akangoja ukwato umshukie. Angeukubali. Haukushuka.

"Kama ungetaka kibuyu," alisema Mbogo, "ungeniambia, mwalimu. Kibuyu ningekuletea maisha yako yote. Mtoto yule angenywa, na wako wangekunywa."

Akailaza fimbo chini taratibu, kwa mkono ule laini aliofundishwa. Akasema jambo moja tu kabla hajaondoka: mvua ikija na bwawa likijaa, yeye na mkewe watakuwa pale, na pale asimwone Pimbi wala uzao wa Pimbi.

Habari ikaenea bondeni. Hakuna aliyempiga Pimbi, hakuna aliyemtukana, ila hata Kiboko aligeuza uso alipompita. Pimbi alijaribu kushuka bwawani siku moja tu. Alimkuta mke wa Mbogo amesimama peke yake ukingoni, ananusa mahali Kidoti alipokuwa akisimama. Pimbi akarudi juu na kiu yake.

Ukimficha mwanafunzi nusu ya somo, nusu hiyo utakuja kuilipia wewe.

Pimbi mpaka leo anakaa kwenye majabali, na kushuka majini hashuki. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, hutoka na watoto wake wote, wakaenda jani kwa jani wakilamba umande, kwa sababu hayo ndiyo maji waliyobakiziwa.