Upunguzeni Huo Mpichi

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mwishoni nitamhitaji kila mtu akiwa na akili zake. Zangu hazikutosha. Nimezunguka nchi nane nikila mapichi kila nilikotua, na mpichi pekee niliowahi kuupanda uliliwa na mbuzi wangu mwenyewe.

Huko milimani Lushoto walikuwepo ndugu watatu. Singano, mkubwa, alijaliwa mkono wa panga: angeweza kukunyoa ndevu huku unatembea. Zaina, wa kati, alijaliwa jicho: alitazama ua akakuambia tunda litakuwa la ukubwa gani. Kaniki, kitinda mimba, hakujaliwa kitu ila kutojua kuogopa, ndiyo maana alikuwa na makovu mengi kuliko meno.

Mama yao, Bi Mwantumu, alikuwa na kibustani nyuma ya nyumba, na ndani yake mpichi mmoja. Miaka saba mti ulizaa vipichi kama gololi, na hivyo navyo vikaliwa na nyani. Bi Mwantumu akapatwa na kiharusi. Ulimi ukiwa unazidi kuwa mzito, alisema mbele ya kaka yake, Mjomba Shekiondo: "Atakayeniwezesha kula pichi la kujaa kiganja kutoka mti huu, bustani ni yake." Akapumzika, akaongeza: "Upunguzeni." Hakusema tena.

Wapunguze nini? Kila mmoja alielewa lake. Na ardhi nyingine hawakuwa nayo. Atakayeikosa bustani ashuke mlimani akalime ya watu.

Singano alielewa matawi. Mwezi wa saba, baridi kali, mti hauna jani, aliingia na panga akafyeka matawi yote ya katikati. Akaacha manne tu, yamepanuka kama bakuli, jua lipite. Zaina akatoka, akaona kuni zimetapakaa.

"Kaka, umemchinja mama akiwa hai."

"Mti unakosa hewa. Nenda kapike."

Huenda angesamehe matawi. Hilo la kapike hakulisamehe. Alimpiga mpini wa jembe mdomoni, meno mawili yakaanguka kwenye majani makavu. Singano akatema damu, akamalizia tawi la mwisho la katikati.

Zaina alielewa matunda. Mti ulipochanua na kufunga, vipichi vilibanana kama shanga. Akaweka ngazi, akawa anachuma machanga, moja analiacha kila baada ya shubiri. Singano alimkuta yuko kikapu cha tatu.

"Unatupa ninachokingojea?"

"Nayapunguza. Kumi yakinyonya tawi moja, hakuna litakalonenepa."

"Na meno yangu, uliyapunguza pia ili yapi yanenepe?"

Akaivuta ngazi. Zaina akaangukia mawe, mkono wa kulia ukavunjika mpaka mfupa ukachungulia nje. Siku tatu baadaye alipanda tena, mkono umefungwa banzi, akachuma kwa kushoto mpaka akamaliza.

Kaniki alielewa nyani. "Wenzangu mmesoma sana," aliwaambia. "Mama alikuwa akimtukana nani kila siku? Matawi?" Mapichi yalipoanza kuona haya mashavuni, kundi likateremka asubuhi. Dume kubwa lilimpasua mbwa wa nyumbani tumbo, kisha likamrukia Kaniki. Likang'oa sikio, likatafuna vidole viwili. Naye akalisukumia mkuki kifuani mpaka ncha ikatokea mgongoni, wakabiringika pamoja hadi kwenye kabichi za jirani. Akainuka, akawaua wengine watatu kwa rungu. Waliosalia hawajaonekana tena. Jirani alichouliza ni kabichi zake.

Mti ulitoa mapichi thelathini, kila moja limejaa kiganja. Bi Mwantumu alikula moja kwa mkono wake uliobaki na nguvu, maji yakimtiririka kidevuni, akalamba mpaka kokwa. Kesho yake akafariki.

Arobaini ilipokwisha, Mjomba Shekiondo akawaketisha.

"Bila panga langu," Singano alisema kupitia pengo lake, "jua lingeishia juu, mama angekula gololi."

"Jua lingekomaza gololi nyingi zaidi, kaka," Zaina akajibu. "Ukubwa niliuleta mimi."

"Ukubwa mngewanenepeshea nyani," Kaniki akasema, akigeuza upande wenye sikio ili asikie majibu.

Mjomba akapendekeza wagawane. Lakini kibustani kile ukikigawa mara tatu, mtu akilala miguu inakuwa kwa ndugu yake. Akatazama panga, akatazama mpini, akatazama mkuki. "Nakwenda kujisaidia," akasema, "nikirudi natoa jibu." Sasa hivi yuko Korogwe, ametuma salamu kwamba tumbo bado linamsumbua.

Wakanigeukia mimi, mgeni niliyekuja kula tu. Nikawaambia nitauliza watu wenye akili. Nimewaacha wameuzunguka ule mti, silaha mapajani, hakuna anayemruhusu mwenzake kuugusa hata kwa kumwagilia, na majani yameanza kujikunja kwa kiu.

Haya, semeni: bustani mngempa nani? Ila mfikiri vizuri, maana wa kuwapelekea jibu ni mimi.