Sentimita Ishirini na Sita

Wapendwa, nisikilizeni kidogo kuhusu mhudumu mmoja wa afya, mama wa makamo, aliyekuwa akipeleka chanjo za watoto kwenye vijiji vitatu kwa baiskeli. Sanduku la chanjo alilifunga nyuma kwa mpira. Njia yake ilikuwa ni barabara kuu, ile ya malori ya mbao, na nyingine hakuna. Kushoto mtaro, kulia magari, yeye katikati.

Mwenzake, aliyefanya naye kazi miaka tisa, aligongwa na kioo cha pembeni cha gari akiwa kwenye baiskeli. Kioo tu, ndugu zangu. Hakuinuka tena.

Baada ya mazishi mama huyu alikwenda kwa mhandisi wa barabara. Akamwambia, "Magari yanatupita karibu mno."

Mhandisi akajibu, "Nakuamini, mama. Lakini kwenye kikao cha usalama barabarani wataniuliza, karibu kiasi gani? Nami sina jibu."

Akafungua kabati, akatoa kifaa kidogo kama redio ya mfukoni. Kinafungwa chini ya kiti cha baiskeli, kinaelekea upande wa magari, na kila gari linapopita kinaonyesha limepita umbali gani. "Anayekuacha mita moja na nusu, huyo kakupita vizuri," mhandisi akasema. "Endesha kama kawaida kwa mwezi mzima. Andika vipimo, na namba za magari ukiweza kuziona."

Siku ya kwanza akaandika: mita moja. Sentimita themanini. Hamsini na tano. Zamani alikuwa anaogopa tu. Sasa alijua anaogopa nini.

Wiki ya tatu mvua ilimkuta kwenye daraja. Alikuwa amevaa koti kubwa, kofia imefunika uso. Akasikia lori nyuma yake. Honi. Honi tena, ndefu. Aende wapi? Kushoto kwake ni chuma cha daraja, na chini yake mto umejaa. Hawezi kusimama ghafla, hawezi kuyumba hata kidogo. Akakaza mikono. Lori likaanza kumpita, na upepo wake ukawa unamvuta kulielekea. Gurudumu likazunguka karibu na goti lake, maji machafu yakampiga usoni, mbao zikapita, zikapita, kana kwamba haziishi. Kamba iliyokuwa inaning'inia ikamchapa begani.

Kisha kimya. Akashuka, akakitazama kifaa. Sentimita ishirini na sita.

Akainua macho asome namba ya gari. Hakuhitaji kuisoma. Lori lile alilifahamu. Lilikuwa linaendeshwa na kaka yake, mtoto wa mama yake.

Jumapili alikwenda kula kwa kaka yake kama kawaida. Kaka akamchagulia nyama nzuri, akamwambia ale, amekonda. Daftari lilikuwa kwenye mkoba, miguuni pake. Kuichana karatasi ya siku ile ni kazi ya dakika moja. Wewe ungefanyaje?

Hakuichana.

Siku ya kikao madereva waliitwa, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa kaka yake. "Hawa wa baiskeli wanayumba! Na barabara ni nyembamba. Mnataka sisi tupite wapi? Nafasi hakuna!"

Mhandisi akamwita yule mama asome. Akasimama. Akasoma tarehe, akasoma vipimo. Alipofika katikati ya daftari akasema, "Darajani, asubuhi, mvua inanyesha. Sentimita ishirini na sita." Akasoma namba ya lori.

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama kaka yake. Naye akainuka.

"Dada," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Yule mwenye koti... Wallahi sikujua ni wewe."

"Najua, kaka. Na ungejua ni mimi, ungefanyaje?"

"Ningekaa nyuma yako! Ningekusubiri mpaka uvuke daraja lote."

Dada akalifunga daftari. Akamwambia, "Basi nafasi ilikuwepo."

Kaka yake akaketi, akajifunika uso kwa mikono miwili. Wanaosafiri naye wanasema siku hizi akifika nyuma ya baiskeli hupunguza mwendo, anasubiri, hata wa nyuma yake wampigie honi namna gani.

Ndugu zangu, mtu huyu hakuwa mkatili. Ni mtu anayemchagulia dada yake nyama nzuri. Ni mimi, ni wewe. Sisi tunajua sana kusubiri. Akija ofisini mtu wa kwetu tunamvutia kiti. Akija tusiyemjua tunamwambia arudi kesho. Mtoto wa kwetu akikosea tunauliza amepatwa na nini. Wa jirani akikosea tunauliza amelelewa na nani. Kisha tunapiga magoti hapa na kumwambia Mungu kwamba muda umebana, maisha yamebana, hatuna nafasi. Hivi kweli hatuna? Au tunangoja kwanza kuuona uso?

Mungu hatatuuliza tuliwapendaje tuliowafahamu. Hilo hata hatuhitaji kufundishwa.

Simameni tuombe, halafu tutoke. Nje kuna watu tusiowajua.