Taa ya Injini ya Mzee Shekiondo

Muheza palikuwa na fundi wa magari, mwanamke, jina lake Tunu. Watu walimpendea jambo moja: hakubadilisha kifaa kabla hajajua kilichokiharibu.

Siku moja Mzee Shekiondo, mwalimu mstaafu, alimpelekea gari lake kuukuu akiwa amenuna. Taa ya injini ilikuwa inawaka na gari halina nguvu. Gereji mbili zilikuwa zimeshalipima kwa mashine, mashine ikatoa namba ileile ya hitilafu, na zote mbili zikamfungia kifaa kipya cha kupima hewa inayoingia kwenye injini. Taa ilizimika siku tatu nne, kisha ikarudi.

Tunu akachomeka mashine yake. Namba ileile. Akafungua boneti, akaona plagi ya waya wa kile kifaa imeachia. Akadhani ni mtikisiko wa barabara. Akaichomeka, akaifuta namba, na mzee akaondoka akimwombea dua.

Wiki haikuisha, akarudi. Safari hii alikuja na mkewe, Bi Mwanakombo, aliyeketi kwenye benchi.

Plagi ilikuwa imechomoka tena. Tunu akaitazama vizuri. Kibanio chake kilikuwa kizima, na plagi ya namna ile haichomoki mpaka mtu akibonyeze kwa kidole. Tena ilikuwa na alama za manjano, manjano ya jikoni.

Akageuka kumtazama Bi Mwanakombo. Yule mama akaficha mikono ndani ya kanga.

Adhana ya alasiri ilipoita, mzee akaenda msikitini. Tunu akaketi kando ya yule mama. Bi Mwanakombo akaanza mwenyewe.

"Mzee haoni, mwanangu. Mwezi uliopita nusura amgonge mtoto wa jirani. Nikimwambia ananicheka, wanawe wakimwambia anagomba. Nikaona heri gari liugue kuliko mwenye gari aue."

Tunu akatabasamu, kisha akazama katika mawazo. Angeweza kumsemea yule mama kwa mumewe. Angeweza pia kuichomeka plagi na kunyamaza. Hakufanya hata moja.

Mzee aliporudi, Tunu akamkabidhi mashine kwa mikono miwili.

"Baba, naomba unisomee hiyo namba, niiandike."

Mzee akaisogeza karibu, akaipeleka mbali. Akafuta kioo kwa pindo la kanzu, akajaribu tena. Mtu aliyewafundisha kusoma nusu ya watoto wa mji ule akamrudishia Tunu mashine.

"Sioni kitu," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Basi gari ni zima, Baba," Tunu akamjibu. "Tuanze na macho."

Mwezi uleule Mzee Shekiondo alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Alipofunguliwa bandeji, wa kwanza kumwona alikuwa mkewe. Mzee akamwambia kumbe amezeeka hivi, wakacheka wote wawili. Hapo ndipo Bi Mwanakombo alipomweleza yote, tangu plagi ya kwanza.

Mzee hakugomba. Alimshika mkono, na hakuuachia mpaka walipofika nyumbani.

Funzo: Mashine hukutajia panapouma, haikwambii kwa nini. Kabla hujamkasirikia anayekusumbua, muulize anakuhofia nini; huenda usumbufu wake ni mapenzi yaliyokosa msikilizaji.