Muhanga na Ngoma ya Ujima

Paukwa!

— Pakawa!

Sauti gani hizo? Mmefunga, au mmechoka? Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na shimo.

— Nani kalichimba?

Huyo ndiye ninayemtaka mimi. Sogeeni. Na wewe Mwanakheri, tangu tumeketi hujatulia, mara kuni, mara sufuria. Maharage hayana miguu, mwanangu. Keti.

Hapo zamani za kale, zamani sana, kulikuwa na mbuga kavu, jua lake la kuchoma. Wanyama wa mbuga ile walilala nje. Jua lao, mvua yao. Wakaona hapana, wakaweka desturi ya ujima. Anayetaka shimo la kulala atapika chungu cha uji, atapiga ngoma, na wote watakuja kumchimbia. Neno la ujima lilikuwa moja: leo kwangu, kesho kwako.

Neno zuri. Mimi sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na wale waliolisema.

Basi alikuwapo Muhanga. Mnamjua? Pua ndefu, masikio kama ya punda, chakula chake mchwa, na kucha zake ni majembe matupu. Alikuwa na mke, Bi Sijaona, na Bi Sijaona alikuwa mjamzito. Walikuwa wakilala chini ya kichaka cha miiba, wakingoja zamu yao ifike.

Siku moja ngoma ikalia kwa Ngiri. Ndi! Ndi! Ndi!

Muhanga akainuka, mbio. Wenzake nao wakaja. Ngiri akashika ngoma, Nungunungu akatikisa miiba yake kama kayamba, Fisi akakaa karibu na chungu, wakaimba:

Muhanga ee, mkono wa chuma!
Chimba mbele, usitazame nyuma!

Muhanga akachimba. Wao wakaimba. Akachimba. Wao wakaimba. Na sifa jamani ni tamu! Alipotoa kichwa shimoni, Ngiri akamwambia, "Ndugu yangu, bila wewe mbuga hii si mbuga." Kilemba cha ukoka hicho, naye akakivaa, akakinyoosha kabisa.

Akarudi kwake. Bi Sijaona akauliza, "Mume wangu, letu je?"

"Kesho. Zamu yetu inakuja."

Ngoma ikalia kwa Nungunungu. Ndi! Ndi! Ndi!

Muhanga akainuka, mbio. Wakaimba, akachimba. Wakaimba, akachimba. Akarudi kucha zinamuuma, hawezi hata kujikuna.

"Mume wangu, letu je? Tumbo limeshuka."

"Kesho, mke wangu. Kesho."

Ngoma ikalia kwa Fisi. Fisi yeye alitaka shimo la milango miwili, wa kuingilia na wa kukimbilia. Muhanga akachimba mpaka akaona nyota mchana. Akarudi nyumbani, mkewe kamwekea mchwa wa kunona. Akawaramba, hawana ladha, kama anaramba majivu.

Akalala. Macho yakafumba, miguu ikachimba. Kwaru kwaru, kwaru kwaru, usingizini! Udongo unamrukia mkewe usoni. Ngoma imenyamaza huko, lakini kichwani mwake inalia, ndi ndi ndi. Anashtuka, anakaa, anasimama, anazunguka kichaka, anarudi, analala, anashtuka tena.

Bi Sijaona akamwambia, "Muhanga, unaumwa."

"Siumwi. Nina kazi."

Mawingu yakaanza kujikusanya. Muhanga akasema, sasa zamu yangu. Akapika uji, akaazima ngoma, akapiga mpaka mkono ukafa ganzi.

Ngiri akaleta salamu: jino linamuuma. Nungunungu akaleta salamu: leo siku mbaya. Fisi akaleta salamu: amefiwa. Na huku kicheko chake kinasikika!

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muhanga akainama peke yake, akaanza kumchimbia mkewe. Shimo likamfika magotini. Mara Mbweha akaja, akaichukua ngoma, ati naye anataka shimo, na hakufika mbali kabla ya kuipiga. Ndi! Ndi! Ndi!

Miguu ya Muhanga ikainuka yenyewe.

Bi Sijaona akamshika. "Unakwenda wapi? Mvua hiyo! Na mimi uchungu umeshaanza."

"Nisipokwenda watasema nini? Nakwenda narudi."

Mwaona? Akaenda. Ndiyo, akaenda! Usinikunjie uso mimi, Mwanakheri, mimi nasimulia tu.

Kwa Mbweha ardhi ilikuwa mawe matupu. Wakaimba, akachimba. Ukucha ukavunjika, akachimba. Wa pili ukavunjika, akachimba. Wa tatu ulipovunjika akaanguka kifudifudi, pua mchangani.

Mbweha akasema, "Amelala. Mwamsheni."

Ngiri akaleta ngoma, akaiweka sikioni mwake. Ndi! Ndi! Ndi! Muhanga hakuinuka. Wakamgeuza, wakazitazama kucha.

"Zimekwisha hizi," akasema Nungunungu. "Nani mwingine ana kucha?"

Wakamruka, wakaenda kumtafuta huyo mwingine. Hakuna aliyemuuliza, ndugu, umeumia? Na Muhanga alikuwa anasikia yote.

Radi ikapiga. Akajikokota, anatambaa, anaanguka, anatambaa. Alipofika alimkuta mkewe ndani ya lile shimo la magotini, uchungu umemshika, naye anachimba kwa mikono yake mwenyewe, na maji yameanza kutiririka ndani.

Muhanga akalia. "Mke wangu, sina kucha. Nisipochimba, mimi ni nani?"

Bi Sijaona akamtazama. "Ni mume wangu. Hata hilo hulijui? Njoo ukinge mvua."

Muhanga akalala mlangoni mwa shimo. Mgongo akaipa mvua, uso akampa mkewe. Maji yakaja, yakamkuta, yakapita pembeni. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, kutulia. Na hajapata kufanya kazi ngumu kama hiyo.

Maana ngoma ililia. Ndi! Ndi! Ndi! "Muhanga ee, mkono wa chuma!" Miguu ikaruka. Akaibana.

Ikalia tena. "Muhanga ee, Mbweha analowa!" Mabega yakainuka. Akauma meno.

Ikalia mara ya tatu, kwa nguvu zote, na wenyewe husema ngoma ikilia sana hupasuka. Pwaa! Ngozi ikaachana, mbuga ikawa kimya.

Katika kimya kile Muhanga akasikia sauti ndogo mbele ya pua yake. Mtoto amezaliwa. Anapumua, mkavu kabisa. Muhanga akaweka pua yake juu ya ile pua ndogo, akalala. Na miguu yake haikuchimba.

Mvua ilipokatika, wale wakaja. "Muhanga! Shimo la Mbweha limejaa maji! Ujima!"

Akajibu kutoka ndani, "Ujima ni leo kwangu, kesho kwako. Kwangu mlikuja lini?"

Wakageuka mmoja mmoja, wakaenda zao.

Kucha zikaota upya. Muhanga na Bi Sijaona wakalimalizia shimo lao polepole, wakichoka wanapumzika, mtoto anawachezea kwenye kifusi. Na hadi leo Muhanga anachimba, kuchimba anakupenda. Akihama huliacha shimo wazi, anayetaka aingie, hana choyo. Lakini akiingia kulala, huziba mlango kwa udongo kutoka ndani, pale pale alipouweka mgongo wake siku ile. Ukipiga ngoma, piga. Na Ngiri, mtazameni, huingia shimoni kinyumenyume, uso nje. Shimo si la jasho lake, anaogopa mwenyewe asije akamdai.

Funzo, wanangu: kazi haiishi, anayeisha ni mtu. Msaidie mwenzio, ndiyo, lakini jua unamchimbia nani, na nani yuko mvuani anakungoja. Ukitaka kujua wewe ni nani usiiulize ngoma. Waulize wa kwako.

Hadithi yangu nimeizibia mlango hapo. Aliyepata funzo na aingie nalo, aliyepata usingizi asiamshwe.

Mwanakheri? Mwanakheri!

Hee, amelala. Mwacheni. Maharage nitayatazama mimi.